Kichwa cha Mkubwa, Mikono Yangu

Tororo,
4 Novemba 1974

Kwa Shangazi yangu mpendwa Kulusumu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua zilipopungua. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumbani nimebaki peke yangu na kuku wawili ambao hawatagi. Dada Fauziya amejifungua salama kule Mbale, mtoto wa kike, na amepewa jina lako, kwa hiyo tayarisha leso. Sabuni imeadimika. Sukari tunaisikia kwa jina. Kuhusu Baba hakuna jipya. Najua ungeuliza, ndiyo maana nimejibu mapema, na naomba tusiliandike zaidi ya hapo.

Kazi ofisini inaendelea vizuri. Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mkubwa wetu wa jimbo (jina lake unalijua, sina haja ya kuliandika) anataka picha yake kubwa ya rangi itundikwe katika ukumbi mpya. Itafunuliwa tarehe ishirini na tano Januari, siku ya sherehe ya jeshi. Mchoraji ni yule Mjerumani mzee, Bwana Egon Brandes, anayekaa nyuma ya lililokuwa duka la Jivan. Mkuu wangu wa ofisi, Bwana Ojangole, amenikabidhi kazi mbili: kumpelekea mchoraji mahitaji yake, na kuandika ukurasa mmoja juu ya maisha yake na kazi yake, usomwe siku hiyo mbele ya wageni.

"Wewe ndiye uliyesoma," aliniambia. "Andika mtu huyu ni nani, ametoka wapi, amewachora akina nani. Ila usiandike kitu kibaya."

"Kibaya kama nini, bwana?"

"Ningejua, ningeandika mwenyewe."

Tatizo ni kwamba mzee hasemi lolote juu yake mwenyewe. Nikimuuliza alizaliwa wapi, ananiambia nisimzibie mwanga. Wewe uliishi mtaa ule miaka ile yote kabla hujaolewa Busia. Alifika lini? Alikuwa mtu wa namna gani? Niambie hata kidogo, nisije nikasimama mbele ya watu na karatasi tupu.

Barua hii nampa Ojiambo, yule kijana wa Sikuda anayevusha mizigo kwa baiskeli. Ukimaliza kuisoma, tafadhali washia jiko.

Mwanao,
Nasifu


Busia, upande wa Kenya,
21 Novemba 1974

Nasifu mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika inanuka dagaa, kwa kuwa Ojiambo aliizika katikati ya gunia, na nimeisoma huku paka wa mtaa mzima wamenizunguka kama wanafunzi wa madrasa. Goti haliambiwi. Watoto wazima, wanakula kama nzige. Mwambie Fauziya leso ipo tayari, nyekundu, na kwamba mtoto mwenye jina langu asilishwe uji mwepesi.

Habari ya kaka yangu umesema tusiiandike. Haya, siandiki.

Huyo Brandes alifika mwaka aliofariki babu yako, akitokea Kitale juu ya lori la mahindi, na sanduku la rangi na viatu vya mvua, basi. Kule Kitale alikuwa amemchora mzungu mmoja mwenye shamba pamoja na farasi wake. Mzungu akasema farasi kafanana kuliko yeye, wakagombana. Jivan akampa chumba cha uani kwa sharti amchore babu yake. Alipomchora huyo, kila Mhindi wa mtaa akataka babu. Kila duka ukiingia, babu yuko ukutani na suti na saa ya mnyororo, anakuangalia usiibe. Sheikh wetu alipita akamwambia siku ya kiyama ataamriwa awape roho mababu wote aliowachora. Brandes akajibu kwamba wengine walimsumbua vya kutosha bila roho.

Zaidi ya hayo sijui. Mimi nilikuwa nauza sambusa tu pale uani. Usiniulize tena. Ila kama unataka aseme, mpelekee sambusa za dengu, za moto, na usimtazame anapokula.

Idi ya kuchinja njoo. Godoro nimeshalianika.

Shangazi yako,
Kulusumu bint Shabani


Tororo,
6 Desemba 1974

Kwa Shangazi Kulusumu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, na kuku mmoja ametaga, jambo ambalo limeleta majirani kuangalia. Fauziya anashukuru sana kwa leso. Kuhusu lile lingine, bado.

Sambusa zimefanya kazi. Nilimpelekea za moto, akala ya kwanza, akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema shangazi yangu, Kulusumu. Akaweka brashi chini akanitazama uso kwa muda mrefu, kama fundi anayepima ubao. "Pua ni ya kwake," akasema, akaanza kuongea. Shangazi, kwa nini alisema hivyo sijui, nawe umeniambia nisiulize.

Alizaliwa mji wa Kassel. Baba yake alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na yeye alijifunza nyuso kwa kumchora bucha mmoja aliyenenepa kila mwaka, ikabidi bango nalo lirudiwe kila mwaka. Akapelekwa Berlin kusoma uchoraji. Akawachora waimbaji, wenye mabenki, na daktari wa meno aliyetaka achorwe kinywa kimefungwa. Akiwa na miaka thelathini alikuwa na jina, na watu walisubiri zamu mlangoni kwake. Kisha ikaja vita. Alichora maofisa, ndilo alilosema, akala sambusa mbili mfululizo bila kutafuna.

Baada ya vita walimjia wajane. Mjane analeta picha ndogo ya mumewe akiwa na nguo za kazi, anataka achorwe na suti. Brandes akamwazima jirani yake, fundi bomba aliyekuwa na suti moja, akamkalisha kitini. Kichwa kinatoka kwenye picha, mwili unatoka kwa fundi bomba. "Nusu ya wafu wa mji ule," aliniambia, "wana mabega ya jirani yangu." Huo ndio ufundi uliomlisha, na ndio unaomlisha hadi leo. Wahindi walipoondoka, mababu walibaki kwenye kuta. Hawa mafuta mingi wetu, matajiri wapya waliogawiwa maduka yao, wanamletea zile picha na kumwambia: suti iache, saa iache, toa kichwa, weka changu. Yeye anaweka. Bwana mmoja wa Merikit amewekwa juu ya babu yake Jivan, na kola inambana mpaka kwenye picha.

Sasa lililobaki nitaliandika polepole. Mkubwa alikuja kukaa mara moja tu. Alikaa muda wa kunywa chai, akaagiza mwamba wa Tororo uonekane nyuma yake lakini usipite bega lake, akaondoka. Kichwa kikapatikana, mwili haukupatikana. Tuliomba aje tena. Badala yake tukaletewa nguo zake za sherehe, na nishani zote, pamoja na ujumbe kwamba hizo zinatosha.

Bwana Brandes alizitazama nguo, kisha akanitazama mimi. "Una urefu wake."

"Bwana, raia haruhusiwi kuvaa hizi."

"Haruhusiwi barabarani. Hapa si barabara."

Nikasema nina mkutano. Akaniuliza na nani.

Basi nilisimama pale, mlango umezuiwa na kiti, nimevaa nguo ambazo si zangu, na mto wa sufi umefungwa tumboni, kwa kuwa hapo tu ndipo yeye na mimi tunapotofautiana. Kila gari lililopita nje, nilivua kofia. Nimekwenda mara tatu sasa. Bado mikono.

Tafadhali, hii usiwashie jiko kesho. Washia leo.

Mwanao,
Nasifu


Busia,
17 Desemba 1974

Nasifu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Nimecheka mpaka jirani yangu Kevina akaja mbio kuuliza kama nimefiwa. Kisha nikaisoma mara ya pili na sikucheka. Barua imeungua, usiwe na wasiwasi, na maharage yameiva juu yake.

Haya, umelazimisha. Mimi pia nimewahi kuwa mwili. Mke wa Jivan alikataa kukaa mbele ya mwanamume mgeni, akatoa picha ya pasipoti tu. Nikavishwa sari yake ya zambarau, nikakalishwa kitini kama bibi harusi, sambusa zangu zinapoa nje. Marehemu mume wangu alikufa hajui. Nilikuwa na kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba, hili unalolijua. Nikamwambia Brandes alifiche. Akasema kovu ni zuri kuliko sari, akalichora vilevile. Mke wa Jivan akaishi na kovu langu ukutani miaka yote mpaka walipoondoka. Na sasa nasikia mke wa mwenye duka mpya amewekewa kichwa chake pale pale. Mikono yangu imeolewa mara nyingi kuliko mimi.

Nakueleza haya ujue: mzee huyo hachori asichokiona, na akikiona haachi. Kile kidole chako cha mwisho, kilichopinda ulipoanguka mwambani ukitoroka chuo, kitakuwa pale. Watu wa Tororo wote wanakijua. Mwambie amvishe Mkubwa glavu nyeupe, za gwaride. Glavu hazina kidole cha mtu.

Kisha vua hiyo nguo uje Idi. Ukikosa ruhusa, umwa.

Shangazi yako


Tororo,
5 Januari 1975

Kwa Shangazi Kulusumu,

Assalaam aleikum, na Idi njema iliyokwisha pita. Barua yako ilichelewa kwa sababu Ojiambo alishikiliwa kwenye kizuizi cha barabara siku nyingi, akiwapelekea askari bia kwa baiskeli yake. Anasema hawakumpiga, walimchosha tu. Tumshukuru Mungu. Kuku yule ameacha kutaga.

Nilimwambia Bwana Brandes habari ya glavu. Kwa mara ya kwanza alinikasirikia. "Nimechora glavu miaka yote ya vita," alisema. "Kila ofisa alitaka glavu. Hakuna aliyetaka mikono yake ionekane. Sichori glavu tena, hata aje Papa." Hilo ndilo neno pekee la vita nililolipata kwake, na siwezi kulitia kwenye ukurasa wangu.

Akachora mikono. Nikiitazama natamani kuiambia ikae vizuri. Imeshikana mbele ya mkanda, wa kushoto umeukamata wa kulia kama unaouzuia usikimbie, na kidole kiko pale, kimepinda. Juu yake kuna kifua chenye nishani, na juu ya kifua uso wa Mkubwa unaotazama mbali, na mwamba umeinama chini ya bega kama ulivyoagizwa.

Bwana Ojangole alikuja kukagua. Alisifu kofia. Alisifu mwamba. Alipofika mikononi akatazama picha, akanitazama mimi.

"Nasifu, kidole hiki ndicho kinachoniletea majalada kila asubuhi."

"Ndiyo, bwana."

"Mungu wangu." Akakaa juu ya debe. "Nani atamwambia Mkubwa arudi, akae nusu saa tu, kwa ajili ya mikono?"

"Wewe ndiye mkuu wa ofisi, bwana."

"Na wewe ndiye uliyesoma."

Hatukumwambia mtu. Ukurasa wangu nao ameupitia. Amefuta vita, amefuta wajane wasije wakaleta huzuni, amefuta Wahindi wote, na fundi bomba. Imebaki kwamba Bwana Brandes alizaliwa, anachora, na anafurahi kuwa miongoni mwetu.

Utaniuliza mbona sikuja Idi. Ningekuandikia kwamba nilinyimwa ruhusa, lakini nilipewa. Nilioga, nikafunga begi, nikafika mlangoni. Shangazi, Baba alipotoka na lori kwenda Jinja hakuchukua ufunguo. Akirudi usiku akakuta mlango umefungwa, atafikiri nini? Ndiyo sababu. Nilisema tusiliandike, nami ndiye nimeliandika. Nisamehe.

Mwanao,
Nasifu


Busia,
14 Januari 1975

Nasifu mwanangu,

Waaleikum salaam. Watoto wazima, goti zima, kila kitu kizima.

Ufunguo mwachie Bi Mastula, mlango wa pili. Kaka yangu akirudi atabisha kwa Mastula kabla hajakohoa, na Mastula atamwambia uko wapi. Njia ya kwangu anaijua, ndiye aliyenileta hapa siku ya harusi yangu. Na kama hatarudi, Nasifu

Mchele umepanda tena. Kevina anasema utapanda zaidi.

Njoo kabla ya sherehe. Mlete na mzee.

Shangazi yako


Tororo,
28 Januari 1975

Kwa Shangazi Kulusumu,

Assalaam aleikum. Niko hai, naanza na hilo kabla ya salamu nyingine. Ufunguo nilikuwa nimeshampa Bi Mastula, lakini siku mbili kabla ya sherehe waliweka askari mlangoni kwa Bwana Brandes, kulinda picha, na sikuweza kuondoka nikamwacha aulizwe peke yake mikono ni ya nani. Usinikasirikie.

Ukumbi ulijaa. Maofisa mbele, mafuta mingi katikati, na shule nzima ya watoto ikiimba nje. Mkubwa alikuja na mama yake, bibi mfupi sana kutoka mbali, ambaye hakuna aliyetuambia anakuja. Nilisimama kwenye maikrofoni nikasoma ukurasa wangu. Haukuchukua muda. Walipiga makofi, nadhani kwa ufupi wake. Kisha pazia likavutwa.

Mkubwa aliitazama picha akatabasamu, maana aliutazama uso. Watu wakashangilia. Bibi yule hakushangilia. Aliinuka, akaenda mpaka mbele, karibu kabisa, akagusa mikono kwa kidole. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamshika. Akasema jambo kwa lugha yao. Mlinzi wa Mkubwa aliambiwa atafsiri, na jasho likaanza kumtoka.

"Mama anasema, uso ni wa mwanangu." Akajifuta paji la uso. "Mama anasema, mikono si ya mwanangu. Mikono hii inaogopa."

Shangazi, watoto nje waliacha kuimba. Sijui kwa nini, labda wimbo uliisha tu. Bwana Ojangole alifumba macho. Mimi nilikuwa bado nimesimama na karatasi mbele ya kifua, na karatasi ilikuwa inatoa sauti, kwa jinsi ilivyotetemeka. Bibi akageuka kutafuta sauti inatoka wapi. Aliiona mikono yangu. Akatazama picha. Akanitazama tena, safari hii usoni, na nilijua kwamba amejua. Nikafikiria ufunguo.

Alimrudia mwanawe akasema maneno mengi, polepole. Mlinzi akatafsiri, na sauti yake ikawa inapanda kadiri alivyoendelea.

"Mama anasema, ni mikono ya marehemu baba yake. Alikuwa anaishika hivi hivi siku aliyokuja kuniposa. Anasema aliogopa mpaka akamwaga maziwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkubwa mwenyewe alicheka, kisha akatoa kitambaa akajifuta macho, na maofisa wote wakatoa vitambaa. Bibi alipita karibu yangu akitoka. Hakunitazama. Alijifuta rangi ya kidole chake kwenye ukurasa wangu, akaenda zake.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jana Mkubwa amemwita Bwana Brandes. Anasema mtu aliyeweza kuichora mikono ya baba yake bila kumwona ana kipaji kutoka mbinguni. Sasa anataka baba yake mzima, kuanzia kofia hadi miguu. Hakuna picha yake hata moja. Kichwa, Mkubwa atakuja kukaa mwenyewe, kwa kuwa walifanana. Atakaa siku nyingi, kwa heshima ya baba. Na mikono iwe ile ile.

Bwana Brandes alimwuliza, "Na kama mikono ikikosekana?"

Mkubwa akasema, "Ulikoitoa mara ya kwanza, itoe tena."

Kwa hiyo Mkubwa atakuwa amekaa chumbani humo humo, akitazama. Mimi nitakuwa wapi?

Mwanao,
Nasifu


Busia,
5 Februari 1975

Nasifu,

Waaleikum salaam. Salamu zote unazijua. Yule mama Mungu amlaze kitanda chema akiwa angali hai.

Sasa sikiliza, na usijibu kwa maelezo marefu. Picha ya mtu mzima, kofia hadi miguu, inataka rangi nyingi. Rangi za mafuta huko kwenu hazipo, hata sukari hamna. Huku zipo, Kisumu, Kevina ana shemeji anayepaka rangi kanisa. Mzee amwambie Mkubwa zimekwisha, nyeupe na nyekundu na zote. Mkubwa anampenda baba yake. Atatoa ruhusa. Na mzee wa miaka ile hawezi kubeba makopo peke yake. Anahitaji karani wa kuandika hesabu.

Usiombe wewe. Uso wako unasema kila kitu. Aombe yeye, ameshazoea wakubwa.

Shangazi yako


Busia, upande wa Uganda,
20 Februari 1975, mchana

Kwa Shangazi Kulusumu,

Assalaam aleikum. Naandika juu ya goti, kwenye benchi ya askari wa mpakani. Ojiambo atakuvushia hii sasa hivi. Ukitoka nje ya duka lako nadhani unaweza kutuona.

Yalikwenda kama ulivyosema. Bwana Brandes alimwonyesha Mkubwa makopo matupu, na Mkubwa akaamuru barua ya ruhusa iandikwe siku hiyo hiyo. Niliipiga taipu mwenyewe: mchoraji na karani mmoja, kununua rangi Kisumu. Nikampelekea Bwana Ojangole aipeleke kutiwa sahihi. Aliisoma, akafunga mlango.

"Nasifu, kazi kubwa namna hii inakwenda bila msimamizi?"

Nikaipiga upya, nikamwongeza msimamizi.

Kesho yake akaniita tena. "Brashi nazo. Brashi za kizungu ni kitu laini sana. Nani atazishika?"

Kwa hiyo tumekuja wanne. Mkubwa alitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa ilikuwa habari ya baba yake. Mke wa Bwana Ojangole amekaa hapa pembeni yangu amevaa magauni ya kanisani, moja juu ya jingine, na ameshika brashi moja kwa mikono miwili kama mshumaa. Hajaiweka chini tangu Tororo.

Askari alituuliza, "Nyinyi nakwenda wapi?"

"Kununua rangi, afande."

"Rangi ya nini?"

"Ya picha ya baba yake Mkubwa."

"Baba yake Mkubwa iko rangi gani?"

Bwana Brandes akamjibu, "Ndiyo tunakwenda kuuliza dukani." Askari alifikiri, akasema ni sawa, lakini lazima mkubwa wake aione karatasi, na mkubwa wake anakula. Amekuwa akila tangu tulipofika. Tunasikia sahani.

Shangazi, siku zote nimekuandikia kwamba kazi inaendelea vizuri. Naogopa. Nimeogopa tangu Baba alipotoka, kila siku, ofisini na nyumbani, na hata kwa kuku. Sasa nimeliandika na sioni kama limepungua, ila mkono umetulia kidogo. Kama tukirudishwa, mwambie Fauziya

Sahani zimenyamaza. Nampa Ojiambo.

Nasifu


Busia, upande huu,
mchana huo huo

Nasifu,

Salamu nitakupa kwa mdomo. Nakuona. Niko chini ya bati la Kevina, na Kevina ameshika mkono wangu mpaka unauma, ndiyo maana mwandiko unakwenda upande. Usipunge. Mwambie mzee avae kofia, kichwa chake kimekuwa chekundu kama nyanya.

Huyo aliyetoka anafuta mdomo ndiye mwenyewe. Anaisoma. Anasoma kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Amefika chini, kwenye sahihi. Subhanallah, amesimama wima, ameipigia saluti karatasi.

Wanainua mti wa kizuizi. Mzee amepita. Ojangole wako amepita, anatembea kama mtu anayekwenda msalani. Mkewe amepita na brashi yake.

Wewe umebaki umeinama kwenye benchi unaandika tena. Unamwandikia nani? Mimi niko hapa. Ojiambo, mkimbizie hii. Nasifu, weka kalamu chini, uvuke.